Jinsi ya Kuajiriwa na Bakteria: Mwongozo kwa Familia Yenye Ng'ombe Wawili

Familia nyingi za Njombe zina ng'ombe wawili watatu wa maziwa bandani, na nyingi zina tatizo moja: maziwa ya jioni. Ya asubuhi yana njia yake. Kituo cha kukusanyia kinayapokea, au mwenye bodaboda anapita na keni zake kuyachukua. Ya jioni yanabaki nyumbani. Watoto wanakunywa, ndama anapewa, jirani anagawiwa, na ndoo bado ina kitu. Ipo njia ya heshima ya kuyamaliza, nayo ni kuyageuza yogati nzito ya kuuza kwa kikombe. Ila ukishaamua hivyo, ujue umekubali kuajiriwa. Utafanya zamu ya usiku chini ya mabosi usioweza kuwaona kwa macho, ambao hawana habari kwamba shamba lako aliliacha babu yako.

Yafuatayo ni masharti ya kazi. Yasome yote kabla ya kuwasha jiko.

Sharti la 1: Wajue mabosi wako

Wako wawili na wanafanya kazi kwa ubia. Mmoja anaitwa Streptococcus thermophilus, mwenzake Lactobacillus bulgaricus. Huyu wa pili alitambuliwa mwaka 1905 na Stamen Grigorov, kijana wa Kibulgaria aliyekuwa Geneva kwa masomo ya udaktari, alipouchunguza kwa hadubini mtindi wa kwao. Wote wawili hula laktosi, yaani sukari ya asili ya maziwa, na kuigeuza tindikali. Wa kwanza huanza kazi mapema na kumwachia mwenzake asidi kidogo ya fomiki na hewa ya kaboni, vitu vinavyomchangamsha. Naye mwenzake huzikatakata protini za maziwa na kumrudishia vipande vidogo anavyovihitaji ili akue. Kila mmoja akiachwa peke yake huenda polepole. Wakiwa pamoja humaliza kazi kwa saa nne hadi sita.

Mtindi wa asili, ule ambao bibi aliugandisha kwenye kibuyu, una bakteria wengine wanaoridhika na joto la kawaida la chumba. Nao ni wa kuheshimiwa, maana wamelisha vizazi vingi vya nchi hii bila kipimajoto. Hawa wa yogati wanataka nyuzi 42 hadi 45, na Njombe ni mji ulio karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ambako usiku wa Juni na Julai mtu hulala na soksi. Ndiyo maana umeajiriwa: pasipo wa kuwapa joto, hapa hawafanyi kazi.

Ujue pia wingi wao. Kiwango cha kimataifa cha Codex kinataka yogati iwe na bakteria hao wasiopungua milioni 10 katika kila gramu. Kikombe cha gramu 250 kina mabosi bilioni mbili na nusu, kwa uchache. Mtu akikuambia amejiajiri kwenye biashara ya yogati, mwonyeshe hesabu hiyo.

Sharti la 2: Usaili unafanyika bandani

Mwenyekiti wa jopo la usaili ni ng'ombe. Maziwa hushushwa na homoni iitwayo oksitosini, na nguvu yake hudumu dakika chache tu tangu kiwele kilipoguswa. Ukimfokea, ukimchapa, au ukiingia na mgeni mwenye mbwa, ng'ombe hushtuka na maziwa hayashuki, na umeshindwa usaili. Ingia kwa sauti ya chini. Msalimie, ng'ombe wa huku wameizoea "kamwene". Mpe pumba zake na mashudu ya alizeti, kisha kamua bila kusimama kupokea simu.

Kabla ya hapo kucha ziwe fupi na mikono ioshwe kwa sabuni. Osha kiwele kwa maji ya uvuguvugu na ukikaushe kwa kitambaa cha ng'ombe huyo peke yake. Mikamuo michache ya kwanza ya kila chuchu usiielekeze kwenye ndoo. Ikamulie kwenye kikombe cheusi, ambako mabonge, nyuzinyuzi au damu vitaonekana mara moja. Ukiviona, kiwele kinaumwa: muite mtaalamu wa mifugo, mkamue ng'ombe huyo mwisho, na maziwa yake yasichanganywe na ya wenzake. Samaki mmoja akioza wote wameoza, na keni moja ina nafasi ya hasara kubwa. Dang'a ya siku za kwanza baada ya kuzaa mwachie ndama; ni haki yake, na tena ukiichemsha itaganda mabonge sufuriani.

Sasa suala la sindano. Ng'ombe akitibiwa kwa antibiotiki, maziwa yake hayatumiki mpaka ziishe siku zilizoandikwa kwenye dawa. Thermophilus hawezi kabisa kuvumilia penisilini. Hata chembe ndogo inatosha kumsimamisha kazi. Mnunuzi wa asubuhi unaweza kumficha, shemeji unaweza kumficha, lakini bakteria watagoma. Saa sita zitapita na maziwa yatakuwa majimaji vilevile. Kwa hiyo mambo yakigoma, kabla ya kuilaumu mbegu, uliza nani bandani alichomwa sindano wiki hii. Na kama ni kweli alichomwa, washukuru mabosi kwa mgomo wao, kwa sababu maziwa hayo hayakumfaa mtoto wa mtu.

Kuhusu maji: maziwa ya ng'ombe ni maji kwa kiasi cha asilimia 87. Mungu alikwisha kutia ya kutosha. Anayeongeza jagi lake juu ya hapo anataka kulipwa kwa kazi ya mtoni, na yogati yake itamtangaza sokoni kwa wepesi wake bila mtu kuleta laktomita ya kupimia maziwa.

Sharti la 3: Chemsha, na usitoke jikoni

Chuja maziwa kwa kitambaa cheupe kilichochemshwa, yamimine kwenye sufuria ya chuma cha pua, na sufuria hiyo uiweke ndani ya nyingine kubwa yenye maji ili maziwa yasiungue chini. Kuchemsha kuna kazi mbili, na watu wengi wanaijua moja tu. Ya kwanza ni kuua vijidudu vya maradhi, vikiwamo vya kifua kikuu cha ng'ombe na vya brusela, ugonjwa unaotupa mimba za ng'ombe na kumletea mtu homa zisizokwisha. Ya pili ndiyo siri ya uzito. Joto likifika nyuzi 85 na kukaa hapo dakika 30, au nyuzi 90 kwa dakika kama 10, zile protini ambazo kwa kawaida hubaki zikiogelea majini hukunjuka na kujishikiza kwenye kasini, protini kuu ya maziwa. Baadaye maziwa yakiganda, hushika maji badala ya kuyaacha yatoke. Yogati isiyopitia hatua hii huwa nyepesi, na ndipo mtu anashawishika kuingiza unga wa muhogo. Ukisikia ushawishi huo, rudi jikoni ukachemshe vizuri.

Wakazi wa nyanda za juu wana jambo lao la kukumbuka. Njombe mjini maji huchemka kwenye nyuzi 93 au 94 hivi, si 100. Kule Kitulo, juu ya mita 2,500, ni karibu 91. Joto hilo linatosha, ila muda usiupunguze. Maziwa kupanda juu na kutoa povu hakumaanishi kwamba kazi imekwisha.

Mwiko uwe wa maziwa peke yake. Mwiko wa mchuzi unakumbuka vitunguu vyote vya mwaka huu, na utavisimulia kwenye yogati. Moshi nao udhibitiwe. Wakalenjin wa Kenya hukisugua kibuyu kwa mkaa wa mti maalumu kabla ya kutia maziwa ya mursik, na ladha ile ya moshi ni ufundi mkubwa kwa sababu wameikusudia. Moshi wa kuni mbichi ulioingia sufuriani kwa bahati mbaya haujakusudiwa na mtu.

Sharti la 4: Poza, kisha wakaribishe mabosi

Iweke sufuria kwenye beseni la maji baridi na ukoroge taratibu mpaka maziwa yashuke hadi nyuzi 43 au 45. Nunua kipimajoto cha chakula. Kwenye kazi hii ni kifaa kinachorudisha fedha yake upesi kuliko vingine vyote. Siku kikivunjika, dondoshea tone moja la maziwa kwenye kifundo cha mkono: liwe la moto wa kupendeza, lisikuchome. Mbegu ikitiwa kwenye maziwa yaliyotoka kuchemka, mabosi wamekufa kabla hawajakuandikia barua ya ajira. Ikitiwa kwenye maziwa yaliyopoa mno, watazubaa, na vijidudu wengine wasioalikwa watakalia viti vyao.

Mbegu ni yogati hai isiyo na sukari, ladha wala rangi. Ya mwanzo utainunua, kwa hiyo soma lebo. Yogati iliyopashwa moto baada ya kuganda ina bakteria waliokufa, na hakuna anayeajiriwa na marehemu. Vijiko viwili vya chakula kwa kila lita vinatosha. Ilainishe kwanza kwenye kikombe cha maziwa yaleyale ya uvuguvugu, kisha irudishe sufuriani na ukoroge. Wanaotia mbegu nusu kwa nusu wakidhani wanaharakisha hupata yogati kali yenye chengachenga, na wamekula mtaji.

Kama wateja wako wanataka sukari, itie mapema wakati wa kuchemsha, gramu 50 au 60 kwa lita. Ikizidi gramu 100 bakteria wenyewe hulegea kazini.

Sharti la 5: Zamu ya usiku

Suuza hotipoti kwa maji ya moto, mimina maziwa yenye mbegu, funika, na uitie kwenye kapu lililojazwa nyasi kavu. Pembeni panga chupa mbili za maji ya moto, na juu weka blanketi. Blanketi hilo litakosekana kitandani, familia izoee.

Kuanzia hapo asiguse mtu. Hapa ndipo ajira nyingi huvunjika, kwa kuwa kila nyumba ina watu wasioweza kuona kifuniko wasikifunue. Mtoto anataka kujua kama imeganda. Mjomba anataka kuonja "kidogo tu, mama, nikuambie kama chumvi imekolea", na chumvi haimo. Bibi anaitingisha kwa nia njema. Kila anayefunua anatoa joto nje, na kila anayetingisha anabomoa ujenzi. Tindikali ikielekea kiwango ambacho wanakemia hukiandika pH 4.6, kasini hushikana na kusuka wavu unaonasa maji na mafuta. Wavu huo ukivunjwa ukiwa bado mchanga haujirekebishi, na asubuhi utakuta maji ya rangi ya njano yenye ukijani yameelea juu. Mwambie mjomba: "Shikamoo mjomba, hiyo imefungwa kwa amri ya wenyewe," na uikalie karibu.

Fanya hesabu ya saa kabla ya kuanza. Aliyekamua saa kumi na moja jioni, akachuja, akachemsha na kupoza, atatia mbegu kati ya saa mbili na saa mbili na nusu usiku. Yogati yake itaiva baina ya saa sita na saa nane na nusu. Lazima mtu aamke, ainamishe chombo polepole, aone kama imeshikana na kujitenga na ukingo, kisha aipeleke kwenye baridi. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu; aliyelala hadi jogoo wa pili hupata yogati ya kukunja uso. Ukitaka kulala, tia mbegu kijiko kimoja kwa lita na uanzie nyuzi 40. Kazi itakwenda taratibu, nawe utaamka alfajiri, saa ambayo ng'ombe naye anakusubiri.

Sharti la 6: Waambie mabosi wapumzike

Bakteria hawa hawajui saa ya kutoka kazini. Kinachowapumzisha ni baridi. Tia yogati kwenye friji ya nyuzi 4 na uiache angalau mpaka kesho yake kabla ya kuuza. Ndani ya saa hizo hujikaza na harufu yake nzuri hukamilika. Asiye na friji anaweza kutumia beseni la maji ya kisima na usiku wa Njombe, ila yake iuzwe siku hiyohiyo.

Kabla ya kijiko cha mtu yeyote kuingia, toa mbegu ya kesho na uifungie kwenye chupa iliyochemshwa. Baada ya vizazi kadhaa ubia wa wale wawili hupoteza uwiano na vijidudu vya mtaani hujipenyeza, hivyo ukiona ladha inabadilika tafuta mbegu mpya. Na mgawie jirani. Nyanda hizi zimeijua kwa miaka mingi mipango ya kopa ng'ombe lipa ng'ombe, ambapo mtamba wa kwanza anayezaliwa huenda kwa familia inayofuata. Mbegu nayo ifuate utaratibu huo. Vijiko viwili havikupunguzii kitu, na siku ya kwako ikifa, unajua mlango wa kubisha.

Kuhusu ladha, tumia matunda. Karakara na stroberi za huku hazihitaji msaada mkubwa: zichemshe na sukari kidogo, zipoe, ziweke chini ya kikombe, kisha mimina yogati juu. Tunda bichi lina chachu na tindikali yake, litaivuruga. Rangi ya waridi inayong'aa pasipo tunda ni uongo unaouzwa kwa kijiko, na hakuna sababu ya kumlisha uongo mtoto wa jirani wakati stroberi zinaiva nyuma ya nyumba. Ukitaka yogati nzito zaidi, ichuje kwenye kitambaa. Maji yatakayotoka mpe nguruwe au ukandie maandazi.

Sharti la 7: Simama mbele ya mteja bila aibu

Mteja wako wa kwanza atasema ya dukani ni tamu zaidi. Mjibu kwa adabu: "Karibu mama, onja kwanza. Hii ni maziwa ya jioni na mbegu, basi." Wa pili atasema maziwa humsumbua tumbo. Huyo mwambie habari njema. Bakteria wamekwisha kula sehemu ya laktosi, na kimeng'enya chao huendelea kusaidia hata tumboni. Wengi wasioweza glasi ya maziwa freshi huiweza yogati. Wa tatu ataomba uandike kwenye daftari. Andika mara moja. Jina lake likitokea tena kabla hajalipa, msomee kwa sauti ya upole.

Mambo ya sheria yasikutishe. Sheria ya Tasnia ya Maziwa ya 2004 iliunda Bodi ya Maziwa, na wafanyabiashara wa maziwa hujisajili huko. Usalama wa chakula, tangu 2019, uko chini ya TBS, shirika la viwango, na ofisi ya mkoa ya SIDO, shirika la viwanda vidogo, ndiyo mahali pazuri pa kuanzia kwa mzalishaji mdogo. Wakaguzi watataka kuona sakafu inayosafishika, maji salama, kumbukumbu na tarehe kwenye kikombe. Hakuna hata kimoja hapo ambacho bakteria hawakukuagiza kabla yao.

Lita moja hutoa vikombe vinne vya gramu 250. Toa gharama ya kikombe, gesi, mbegu, sukari na nauli kabla ya kutamka neno faida. Na ladha ya Jumanne iwe ndiyo ladha ya Jumamosi. Mteja husamehe bei kuliko anavyosamehe kubahatisha.

Sharti la 8: Mshahara ulipwe

Sharti hili ndilo linalovunjwa zaidi, na wanaolivunja si bakteria. Wao hulipa sawasawa: ukiwapa usafi, joto na muda, wanakupa yogati, usiku baada ya usiku, bila kujali wewe ni nani. Upungufu uko kwetu sisi wenye nyumba. Katika familia nyingi maziwa ya jioni yalikuwa ya mama. Aliyagawa, aliyagandisha, na akiuza kibakuli, fedha ilikuwa ya chumvi na daftari za shule. Yalipokuwa mabaki hakuna aliyeyaulizia. Yakishaingia kwenye kikombe chenye lebo na kuanza kuuzika, ghafla biashara ni ya baba, ng'ombe ni wa ukoo, na mama anabaki na blanketi na saa nane ya usiku.

Hilo si haki, na pia ni ujinga wa kibiashara. Yogati nzuri inatokana na uangalifu wa mtu mmoja anayejali usiku wote. Anajua hotipoti ipi hupoteza joto, ng'ombe yupi anaanza kuumwa kiwele, mbegu ipi imechoka. Ujuzi huo haumo kwenye hatimiliki ya shamba. Usipoulipa utaondoka, binti atakwenda Makambako kuuza kwenye duka la mtu, mama atarudi kulala kama watu wengine, na maziwa ya jioni yatarudi kwa ndama.

Kwa hiyo fungueni daftari la yogati peke yake, mbali na hesabu za mahindi na parachichi. Ukurasa wa kwanza uandikwe zamu: nani kakamua, nani kachemsha, nani kaamka. Kila mwisho wa mwezi familia ikae, itoe gharama, itenge fedha ya chakula cha ng'ombe na dawa. Kinachobaki kigawanywe kwa kufuata zamu hizo, na hesabu ianze na aliyeamka usiku.